Rupia ya babu imekwaruzwa herufi, je bado ina thamani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Babu alituachia rupia moja ya Mjerumani ya mwaka 1891, ile yenye mzungu kavaa kofia ya chuma yenye ndege juu. Sasa hapo mbele ya uso wake kuna kama herufi M af mkwaruzo mwingine sijui ni K ama X. Niliipeleka Makoroboi, pale Mwanza mjini, kuna mnunuzi akaniambia imeharibika, atanipa hela ya uzito tu. Ni kweli? Na nikiisugua si zitatoka? (Dada wa Nansio, Ukerewe)

JIBU: Dada yangu naomba sana usiisugue, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, wala usimpe sonara aing'arishe. Herufi zimeingia ndani ya madini ya fedha, ili zipotee inabidi ulishushe eneo lote linalozizunguka, yani utaondoa michoro ya kofia na maandishi ya pembeni na M bado itakuwa inaonekana kwa mbali, hapo utakuwa na madhara mawili badala ya moja.

Kwanza hakikisha kweli ni maandishi ya mtu. Usiku zima taa ya sebuleni, washa tochi ya simu uishike chini ubavuni mwa sarafu, mwanga upite juu yake kwa kulala, af izungushe taratibu. Mkwaruzo wa bahati mbaya, wa sarafu kugongana mfukoni, unapita tu moja kwa moja na kuishia popote. Wa makusudi unakata kona, mistari inakutana, mkono umerudia palepale mara mbili tatu. Ukipata ile lensi ya masonara inayokuza mara 10 utaona kingo za mfereji zimeinuka kidogo, maana ncha ya msumari inaisukuma fedha pembeni. Na angalia rangi ndani ya mfereji: kama umekuwa mweusi sawa na sehemu nyingine za sarafu basi ni wa zamani, pengine wa enzi hizohizo ambapo mtu aliweka alama ya jina lake, ila kama unang'aa mweupe wakati sarafu yote imefifia, ni wa juzi.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya wengi. Ukikuta mistari myembamba iliyoinuka juu ya uso wa sarafu badala ya kuzama, huo si uharibifu, hiyo imetoka kiwandani, kile chuma cha kugongea kilikuwa na mikwaruzo yake kikaihamishia kwenye fedha. Hiyo usiihofie kabisa.

Sasa bei. Yale makampuni makubwa ya Marekani ya kupima ubora, PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, yanatoa namba kuanzia 1 mpaka 70, lakini sarafu yenye grafiti ya wazi, yani maandishi ya mtu yaliyokwaruzwa kwa makusudi, hainyimwi uhalali, inanyimwa namba: wanaandika imechakaa kiasi gani halafu wanaongeza kwamba imekwaruzwa maandishi. Kwa mkusanyaji hapo bei inashuka sana, na nikwambie ukweli, mbele ya uso ndo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu pale ni uwanja mtupu na jicho linatua hapohapo. Mkwaruzo huohuo ungejificha kwenye manyoya ya yule ndege, au upande wa pili kwenye simba na mnazi wa ile kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ungesamehewa zaidi.

Lakini kusema haina kitu, hapana, sikubaliani na huyo mnunuzi hata kidogo. Rupia ina gramu 11.66 na fedha yake ni sehemu 917 kwa 1000, kwa hiyo ndani mna kama gramu 10.7 za fedha tupu, hiyo ni chini kabisa, asikupe pungufu ya hapo. Juu yake kuna watu wanaozitafuta rupia za Afrika Mashariki ya Wajerumani hata zikiwa na kasoro, maana si kila mtu ana hela ya ile safi. Piga picha mbili, moja mwanga wa kawaida na nyingine ya tochi ubavuni, herufi zionekane wazi usizifiche, onyesha wanunuzi watatu wanne kabla hujauza. Kuituma Marekani ipimwe sikushauri, gharama itaimeza.

SWALI: Nina shilingi ya simba ya 1924, ina mikwaruzo midogo mingi sana yote imelala upande mmoja. Nayo ni grafiti? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Hapana ndugu, hiyo imesuguliwa, kuna mtu aliisafisha kwa mchanga au kitambaa kigumu. Kwenye kupimwa nayo inanyimwa namba, tena shilingi zile zina fedha robo tu, 250 kwa 1000, kwa hiyo hata ukiiuza kwa uzito hupati cha maana. Iweke kwenye karatasi kavu, usiiguse tena na kitambaa, na ukija kupata nyingine yenye weusi wake wa asili iache hivyohivyo.