Ukienda na kamera kwa Wabaski, jua ile mandhari ina wenyewe

Wengi wakifika kule kwa Wabaski, kaskazini mwa Hispania, wanakimbilia Gaztelugatxe, lile kanisa juu ya mwamba baharini, wanapanda ngazi 241, wanapiga, wanaposti, basi. Siwakatazi, pazuri kweli. Ila kama unataka picha ionyeshe Wabaski ni watu gani, acha kuhangaika kutafuta sehemu isiyo na dalili ya binadamu, kule hata msitu umepita mikononi mwa watu.

Chukua msitu wa Otzarreta, pale kwenye milima ya Gorbeia. Miti ya biichi, matawi yote yameinuka juu kama watu wanaoomba dua, ukungu ukishuka asubuhi wapiga picha wanagombania pa kuweka tripodi. Sasa lile umbo halikuja lenyewe, zamani watu walikuwa wanakata matawi ya kuchomea mkaa, shina wanaliacha hai lichipue tena, na mkaa unaenda kwenye viwanda vidogo vya chuma vilivyokuwa kando ya mito huko mabondeni. Ukishajua hilo hupigi ukungu tu, unasogea karibu, unatafuta pale shoka lilipopita.

Misonobari nayo usiikwepe. Ni mashamba ya mbao, yamepandwa kwa mistari, kwingine mlima umefyekwa kipara kabisa na haupendezi, lakini weka hivyohivyo kwenye fremu, ndo maisha ya pale.

Halafu kuna baserri, zile nyumba kubwa za wakulima. Familia nyingi za Kibaski zimepata jina la ukoo kutoka kwa nyumba, kwahiyo ukipiga nyumba umepiga ukoo mzima, usiibe picha kutoka barabarani kwa zum. Piga hodi, sema kaixo, yaani hujambo kwa Kibaski, omba ruhusa. Angalia na mlangoni, mara nyingi utakuta eguzkilore, ua kavu lenye miiba, wanalitundika kuzuia mabaya ya usiku yasiingie.

Mji wa Gernika usipite bila kusimama. Mwaloni ambao viongozi wao walikuwa wanakutana chini yake ulinusurika mji ulipopigwa mabomu Aprili 26, 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, baadaye ukafa, wakapanda mwingine. Shina la mti wa zamani zaidi limehifadhiwa palepale bustanini ndani ya kibanda chenye nguzo, nalo lipige.

Manyunyu ni ya kila mara, wanayaita txirimiri, beba kitambaa cha kufutia lenzi na usiahirishe safari. Otzarreta nenda mwanzo wa Novemba, katikati ya wiki, maana Jumamosi hata pa kupaki hupati.