Kisukari Kimegusa Unyumba Wangu, Nifanye Nini?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina umri wa miaka 49 na nimeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka minane. Natumia metformini na dawa ya presha. Tangu mwaka jana uume wangu husimama kwa ulegevu, na siku nyingine hausimami kabisa, ingawa hamu ninayo. Mke wangu ameanza kudhani nina mwanamke mwingine, nami siku hizi husubiri apitiwe na usingizi ndipo niingie kitandani. Rafiki yangu amenipa vidonge vya nguvu za kiume vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Je, nivimeze? Na hali hii inatibika?

JIBU: Ndugu msomaji, vidonge hivyo tafadhali usivimeze. Dawa nyingi zinazouzwa kwa njia hiyo, hata zinazodaiwa kuwa za mitishamba, zimewahi kukutwa na sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama, iliyochanganywa kwa siri na kwa kipimo kisichojulikana. Sildenafili yenyewe ni dawa nzuri inapotolewa na daktari, lakini mtu anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua akiimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha.

Hali yako inatibika, na wala hauko peke yako, kwani zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari hupatwa na tatizo hili wakati fulani. Ili uume usimame, mishipa ya fahamu hutoa ishara, mishipa ya damu hutanuka, na damu hujaa na kubaki humo. Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu vyote viwili, mishipa ya fahamu na utando wa ndani wa mishipa ya damu, na ndiyo maana hamu inaweza kuwepo huku mwili usiitikie.

Jambo ninalotamani kila mwanaume mwenye kisukari alifahamu ni hili: mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa takriban milimita 1 hadi 2, ilhali mishipa ya moyo ina milimita 3 hadi 4, kwa hiyo mishipa inapoanza kuziba, mwembamba hulalamika kwanza. Uume unaolegea unaweza kuwa taarifa ya mapema ya ugonjwa wa moyo, inayotangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Inanisikitisha kwamba wagonjwa wengi hunieleza tatizo hili wakiwa tayari wamesimama na kushika kitasa cha mlango, baada ya nusu saa ya kuzungumzia miguu na macho. Wewe litaje mwanzoni kabisa, ili moyo, presha na mafuta ya kwenye damu vipimwe pamoja na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu.

Mweleze pia daktari iwapo uume husimama wenyewe alfajiri. Ukisimama vizuri wakati huo lakini ukashindwa mbele ya mke, huenda hofu na mawazo vinachangia kwa sehemu kubwa. Omba testosteroni, yaani homoni ya kiume, ipimwe asubuhi, kwa sababu mara nyingi homoni hiyo huwa chini kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu za kiume, lakini usiache yako kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari anaweza kukubadilishia. Kama unavuta sigara, acha.

Ukiandikiwa sildenafili, imeze takriban saa moja kabla ya tendo, na si baada ya mlo wenye mafuta mengi, maana mafuta huichelewesha. Dawa hii haileti hamu wala haifanyi kazi bila msisimko, na wengi huiacha mapema mno, ilhali inafaa kujaribiwa mara sita hadi nane kabla ya kusema imeshindwa. Tadalafili, dawa nyingine ya aina hiyo, hudumu hadi saa 36. Vidonge visipofaa zipo pampu za kuvuta damu iingie kwenye uume, sindano za kwenye uume na upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya uume. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne mfululizo, nenda hospitali mara moja.

Kuhusu mkeo, mwambie leo kwamba ni kisukari. Kila usiku unaosubiri alale unampa sababu nyingine ya kuamini anachokishuku. Nenda naye kliniki akasikie mwenyewe.

SWALI: Nina kisukari na nguvu ninazo, lakini nikifika kileleni shahawa hazitoki. Je, nitapata mtoto?

JIBU: Inawezekana kabisa. Kisukari kinapoathiri mishipa ya fahamu, mlango wa kibofu hushindwa kujifunga na shahawa hurudi nyuma kwenye kibofu, kisha hutoka na mkojo, ambao huonekana wa mawingumawingu. Hazidhuru mwili. Mkojo wa baada ya tendo ukipimwa, mbegu huonekana, na wataalamu wa uzazi wanaweza kuzitoa humo, kuzisafisha na kuzitumia kutungisha mimba. Hudhurieni pamoja na mwenzi wako, naye achunguzwe wakati huohuo.