Maswali ya Wasomaji: Mkazi asiye raia na mkutano wa kijiji

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa Mueda, Msumbiji, na kwa miaka mingi sasa ninaishi kwa kibali katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba, kusini mwa Tanzania, ambako nimeoa na kuzaa. Mchango wa ujenzi wa darasa sijawahi kuukwepa. Katika mkutano mkuu wa kijiji uliopita niliuliza fedha za mabati zimefikia wapi, nikaambiwa nikae chini kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja. Je, sina haki ya kuuliza? Na uchaguzi wa kijiji ukifika, naweza kupiga kura? Jirani ananishauri nijiandikishe tu, kwani nani atajua.
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Ndugu yangu, swali lako la mabati lilikuwa halali, na aliyekukalisha chini alikosea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema kuwa mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji hicho aliyetimiza umri wa miaka 18. Sharti lake ni ukazi. Ibara ya 18 ya Katiba nayo inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Mkutano ujao, mwombe mwenyekiti kwa heshima kwamba afisa mtendaji asome taarifa ya mapato na matumizi, inayotaja mchango wa darasa umekusanywa kiasi gani na mabati yamenunuliwa mangapi kwa stakabadhi ipi, kisha uombe swali lako liandikwe katika muhtasari. Wanaochanga wenzako watataka kusikia jibu hilo kama wewe.

Kura ni jambo jingine. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki hiyo raia, na hata uchaguzi wa kijiji na kitongoji, kama ule wa Novemba 27, 2024, ni wa raia peke yao. Kadi ya chama cha siasa pia usiichukue. Ushauri wa jirani nakusihi uukatae kabisa: kumdanganya mwandikishaji ni kosa la jinai, na litakuandama siku utakapoomba uraia, kwa sababu tabia njema ni miongoni mwa masharti yanayochunguzwa.

Njia ya uraia wa tajinisi, yaani ule anaoomba na kupewa mgeni, iko wazi kwako, ingawa ni ndefu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Na akikubaliwa, aukane uraia wake wa awali. Anzia ofisi ya Uhamiaji, ukiwa na vibali vyako vyote, hata vilivyokwisha muda. Jambo moja linaniuma: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania amewekewa njia fupi na sheria hiyo, lakini wewe, hata kama mkeo ni Mtanzania, hukuwekewa. Sioni haki katika tofauti hiyo, na ningependa wabunge wetu wa kusini waisemee.

Usidhani kwamba kabla ya kupata kura huna la kufanya. Wamakonde wa Kwale nchini Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila vitambulisho. Walijipanga, wakashirikiana na watetezi wa haki za binadamu, na Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta, aliyeagiza wapewe vitambulisho. Agosti 2017 wakapiga kura. Hakuna hata hatua moja ya safari ile waliyoipiga wakiwa na kadi ya mpiga kura mfukoni.

Kuhusu watoto, ikiwa mama yao ni Mtanzania na wamezaliwa hapa, wao ni raia kwa kuzaliwa. Hakikisha kila mmoja ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama yake, nawe utunze nakala ya cheti cha mama huyo, ili atakayetimiza miaka 18 ajiandikishe katika kitongoji chenu bila kubabaishwa na mtu.