Maswali ya Wasomaji: Injini za Ndege za Mafunzo ya Kijeshi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba injini ya Jet Provost, ndege ya mafunzo ya Uingereza, ilibuniwa kwanza kwa ajili ya chombo cha kutunguliwa. Je, ni kweli? Na kwa nini wanafunzi wa urubani hawakupewa tu ndege za kivita zilizokwisha kuzeeka?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Injini hiyo ni Viper ya Armstrong Siddeley, iliyokusudiwa kuendesha Jindivik, ndege isiyo na rubani iliyoundwa Australia itumike kama shabaha. Kwa kuwa chombo chenyewe kilitarajiwa kuangushwa, injini haikuhitaji kudumu; hata oili ililainisha beringi mara moja tu na kutupwa nje, badala ya kurudi kwenye tangi lake. Ilipotakiwa kubeba watu, wahandisi waliipa mfumo wa kuzungusha oili na vipuri vinavyostahimili kazi ya muda mrefu, lakini sifa zilizotafutwa zilikuwamo tangu awali: udogo, wepesi na gharama nafuu. Jet Provost iliruka mara ya kwanza mwaka 1954, na Waitaliano wakaifunga Viper kwenye MB-326, ndege yao ya mafunzo iliyoruka mwaka 1957. Marekani nako mambo yalikwenda vivyo hivyo: J85 ya General Electric ilibuniwa kwa ajili ya Quail, kombora la chambo lililoachiwa na ndege za B-52 ili kuzihadaa rada za adui, kisha injini mbili za aina hiyo zikawekwa kwenye T-38 Talon, ndege ya mafunzo inayozidi kasi ya sauti.

Kuhusu ndege za kivita, njia hiyo ilijaribiwa. T-33 ya mwaka 1948 ilikuwa P-80, ndege ya kivita ya jeti ya Marekani, iliyorefushwa kwa takriban mita 1 ili mkufunzi apate kiti, na zilitengenezwa zaidi ya 6,500. Tatizo lilikuwa kwa mwanafunzi aliyezoea propela, kwani injini za jeti za zama zile ziliitika taratibu mno. Fikiria anakaribia kutua, anajiona yuko juu kupita kiasi, anarudisha wenzo wa nguvu nyuma kabisa. Punde ndege imeshuka mno, anausukuma wenzo mbele, na mzunguko wa injini unachukua sekunde kadhaa kupanda huku ardhi ikimjia. Akiusukuma kwa pupa, mafuta humiminika kabla hewa haijatosha, joto la turbini hupanda kupita kiasi na injini yaweza kuzimika. Tabia hii hujifunzwa kwa usalama zaidi katika ndege nyepesi, isiyo na mwendo mkali, na hiyo ndiyo sababu ndege za mafunzo zilihitaji kubuniwa mahsusi kwa kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, hatua iliyokuwa na manufaa zaidi kuliko kasi ya T-38 ni kuingia kwa injini za feni, ambazo hupitisha sehemu ya hewa nje ya kiini na hivyo kutumia mafuta kidogo, jambo zito kwa ndege inayoruka mara kadhaa kwa siku. L-39 ya Chekoslovakia, iliyoruka mwaka 1968, ilipata AI-25TL, ndugu wa injini ya ndege ya abiria ya Yak-40. Hawk ya Uingereza, iliyoruka mwaka 1974, ilichukua Adour, injini ya ndege ya kivita ya Jaguar, bila kifaa cha kuchoma mafuta ya ziada kwenye bomba la nyuma. Na Jaguar yenyewe ilianza kama wazo la ndege ya mafunzo, ikakua hadi ikawa kubwa na ghali mno kwa kazi hiyo.

SWALI: Kwa nini baadhi ya ndege hizi huwa na viti sambamba na nyingine kiti kimoja nyuma ya kingine?

JIBU: Viti sambamba, kama vya T-37, ndege ya mafunzo ya Marekani, humwezesha mkufunzi kuona mikono ya mwanafunzi. Viti vya mbele na nyuma hupunguza upana wa ndege na kumzoesha mwanafunzi mazingira ya ndege ya kivita, ila aliye nyuma huzibwa asione mbele. Katika Fouga Magister ya Ufaransa mkufunzi aliwekewa periskopu, yaani kifaa cha kuonea mbele kwa kupita juu ya kizuizi; katika Hawk kiti chake kiliinuliwa.