Kabla Hujaenda Kufanya Kazi ya Msimu kwa Nguruwe wa Malishoni

Wanafunzi wanaotaka kazi hii wakati wa likizo huuliza kwanza kama ni nzito. Ni nzito, ndiyo: kuna magunia, kuna nguzo za kuhamisha, kuna matope. Mwili utazoea. Kinachowashinda wageni ni kwamba wanakuja wamejiandaa kutumia mikono, kumbe wanachotakiwa kutumia zaidi ni macho. Nguruwe wa bandani unawaona wote ukiwa mlangoni. Wa malishoni wametawanyika, mmoja kichakani, mwingine nyuma ya kibanda, na anayeumwa ndiye hasa anayejitenga.

Kwa hiyo muda wa kulisha asubuhi usiutumie kuchezea simu. Mwaga chakula kwa mstari mrefu, si lundo moja, ili wanyonge nao wapate. Kisha simama uhesabu. Nguruwe mzima akisikia ndoo anakuja mbio. Anayejikokota nyuma ya wenzake, au anayefika akasimama tu bila kushusha pua, huyo mripoti hata kama huoni kidonda. Tazama anavyokanyaga, anavyopumua, mgongo kama ameukunja. Ukiona mabaka mekundu yaliyoinuka kwenye ngozi, yenye umbo la almasi, usingoje jioni. Huo ni ugonjwa unaotibika kwa penisilini ukiwahiwa, na unaua ukicheleweshwa. Namba ya hereni yake, ile ya plastiki ya sikioni, iandike hapo hapo. Ukisema "yule mweupe mwenye doa" kwenye kundi la weupe wenye madoa, umemwachia mwenzako kazi ya kutafuta upya.

Maji nayo ni ya kukagua, si ya kudhani. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na kwenye malisho bomba limelazwa juani, viungio vinang'olewa kwa pua, hori linapinduliwa kwa mchezo tu. Bonyeza mwenyewe chuchu ya maji, kile kibomba wanachokibana kwa mdomo ili wanywe, uone yanavyotoka. Ukikuta yamekatika tangu jana, usifungulie yote kwa mkupuo: nguruwe aliyekaa na kiu muda mrefu akinywa kwa pupa anaweza kupata degedege na kufa. Wape kidogo kidogo, na mpigie msimamizi mara moja. Dimbwi la matope pia si uchafu wa kufukiwa. Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho, na mwenye ngozi nyeupe huungua na jua kabisa, hivyo tope ndilo kinga yake.

Sasa uzio, ambao ndio utakaokula muda wako mwingi. Mara nyingi ni nyuzi mbili tu za umeme, wa chini ukiwa karibu na usawa wa pua. Majani yakiurefukia, umeme unaishia ardhini. Nguruwe wenyewe wakifukua pembezoni, udongo unaufunika. Uzungukie wote kila siku ukiwa na kipimo cha umeme na panga la kufyekea, na usiamini peke yake mlio wa mashine inayopeleka umeme kwenye waya. Mashine inaweza kulia vizuri huku waya wa mbali umekufa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema, na bado linanichekesha. Siku ya kuwahamishia kwenye kipande kipya unaondoa waya, majani mabichi yako hatua mbili mbele yao, nao wanajipanga pale pale waya ulipokuwa, pua zinanusa hewa, hakuna anayevuka. Wanaukumbuka. Ukiwasukuma watageuka na kukupitia. Mwaga chakula upande wa pili, rudi nyuma, nyamaza. Mlafi mmoja atavuka, wengine watamfuata.

Kwenye kuswaga, ubao mpana unaoushika mbele yako kama ukuta ni bora kuliko fimbo. Nguruwe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na hukimbilia palipo na upenyo na mwanga. Ukiziba upenyo kwa ubao anageuka mwenyewe. Usiache upenyo huo uwe katikati ya miguu yako. Jike mkubwa hupita kilo 200.

Mimba ni siku 114, na wafugaji huikariri kama miezi 3, wiki 3 na siku 3. Ukimwona jike anabeba majani mdomoni kuandaa tandiko, amekaribia. Hapo mpe nafasi. Usimnyanyue mtoto mama akiwa huru, hata kama mtoto huyo anaonekana amekwama: kelele yake moja inatosha kumleta mama, na pengine majike wa jirani pia. Nenda na mwenzako, mkiwa na ubao, na mjue mtatokea wapi.

Chakula chako cha mchana kiwe bila soseji wala nyama yoyote ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini virusi vyake hudumu ndani ya nyama, hata iliyogandishwa, na kipande kilichotupwa kinaweza kumaliza shamba zima. Buti za shambani zibaki shambani. Ukiwa na mafua, sema na usiende kwa nguruwe, maana mafua yetu wanayapata na yao tunayapata. Chanjo ya pepopunda ipate kabla ya kuanza. Kuhusu harufu, osha nywele kila jioni na usubiri, haitoki yote.

Mwisho wa msimu kuna siku ya lori. Nguruwe hupakiwa alfajiri kabla ya joto, na kwa kawaida hawalishwi kabla ya safari. Baadhi yao utakuwa umewalisha tangu wadogo, na watakufuata mpaka kwenye ngazi ya lori kwa sababu wanakujua. Wapo wanaoweza kuifanya kazi hiyo na wapo wasioweza. Kama huwezi, mwambie msimamizi siku moja kabla, apate mtu mwingine wa kushika ubao.