Rula Ije Mwisho: Kwa Mwalimu Anayeanza PP2 na Gredi za Chini

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) au gredi ya kwanza hapa Kisumu, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usianze somo la vipimo kwa kugawa rula. Mtoto anayepewa rula kabla hajaona haja yake hujifunza kusoma namba zilizochapwa juu yake. Kupima bado hajui.

Anza na kulinganisha. Wape vijiti viwili, uwaulize kipi kirefu, kisha tazama mikono yao. Wengi watavishika hewani, ncha za chini zikiwa hazijalingana, na wataanza kubishana. Usikimbilie kuwarekebisha. Uliza tu, "Tutajuaje?" Hakosi mmoja atakayevigonga mezani ili vikae sawa upande mmoja, na wenzake watamwiga. Sasa chukua vijiti viwili vilivyo sawa kabisa, wakubali kwamba ni sawa, halafu usogeze kimoja mbele kidogo huku wanakuona. Wengi wa miaka 4 au 5 watakwambia kile kilichosogezwa kimekuwa kirefu zaidi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyaeleza haya miaka mingi iliyopita. Si uzembe wa mtoto, wala haliondoki kwa kukaripiwa. Linapungua kadiri anavyokua na kushikashika vitu.

Kutoka hapo ingia kwenye mwili. Dawati lina shubiri ngapi? Ni hatua ngapi kutoka ubaoni hadi mlangoni? Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, usipapite mbio hata kama kipindi kinaisha. Mtoto mwenye mkono mkubwa atapata labda shubiri 7, jirani yake 9, dawati likiwa lile lile, na kelele zitaanza: "Ticha, huyu anadanganya!" Nyamaza. Waache wapime upya, waweke kiganja juu ya kiganja, mpaka mmoja aseme mwenyewe kwamba mikono haitoshani. Ukimwahi kwa maelezo yako umemnyang'anya somo. Wakishakubaliana kwamba mikono yao haifai, watakudai kipimo kimoja cha wote, na ndipo utoe vifuniko vya soda.

Kifuniko cha chupa ya soda kina upana wa sentimita 3 na kidogo, na vyote vinatoshana. Vipange kwenye ukingo wa dawati. Angalia makosa mawili: vifuniko vilivyoachiana nafasi, na vilivyopandana. Mtoto hushughulika na kuhesabu tu, hizo nafasi hazimsumbui, kwa hiyo muulize kama siafu anaweza kupita katikati bila kukanyaga kifuniko. (Kwa PP1 tumia vipande vya boksi vilivyokatwa sawa. Vifuniko huishia mdomoni, na kingo zake hukata.) Baadaye kila kundi libandike vifuniko 10 kwenye utepe wa boksi. Hiyo ndiyo rula yao ya kwanza, na urefu wake unakaribia ule wa rula ya dukani ya sentimita 30.

Rula halisi ikija baada ya hapo, makosa mawili ya kawaida hupungua sana: kuanza kupima kwenye 1 badala ya 0, na kuhesabu mistari badala ya nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Aliyebandika vifuniko anajua kwamba kinachohesabiwa ni kifuniko chenyewe. Ukitaka kuhakikisha, tafuta rula iliyovunjika inayoanzia 4. Weka penseli mwanzoni mwake, ifike 11. Anayesema penseli ina sentimita 11 mrudishe kwenye vifuniko, wala usimwekee alama ya kosa. Anayesema 7 ameelewa kupima. Swali hilo naliamini kuliko karatasi yoyote ya mtihani.

Kwa ujazo, Kisumu imekupa kifaa ambacho kila mtoto anakijua: gorogoro. Mahindi, maharagwe na omena pale soko la Kibuye hupimwa kwa mkebe huo uliokuwa wa mafuta ya kupikia ya kilo 2. Tafuta mikebe miwili iliyo sawa, mmoja uubonyeze kitako kiingie ndani, kama wafanyavyo wauzaji wasio waaminifu. Iweke mezani. Ukiitazama kutoka pembeni huoni tofauti, na watoto watakuapia kwamba ni sawa. Toka nao nje, maana maji kwenye sakafu ya simiti ni hatari, wajaze kwa kikombe kimoja huku darasa zima likihesabu kwa sauti. Mkebe uliobonyezwa utafurika mapema. Mtoto ambaye hajafungua mdomo muhula mzima ataongea siku hiyo, kwa sababu ametumwa sokoni mara nyingi na pesa za mama mkononi.

Upande wa maumbo, acha kuchora pembetatu ile ile kila siku, kitako chini na ncha juu. Waholanzi wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina, walieleza mwaka 1957 kwamba mtoto huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kabla ya kufikiria pande na kona. Ukimzoesha sura moja, akiiona pembetatu iliyopinduliwa atakwambia si pembetatu. Kata za kila namna: nyembamba, iliyolala, yenye ncha chini. Simamisha mraba kwa kona yake. Kila mara swali liwe lile lile: pande ngapi, kona ngapi?

Kisha pitisha uzi ndani ya mirija mitatu, ufunge; fanya hivyo kwa mirija minne. Waambie wasukume. Ile ya minne italala upande, pembetatu itagoma. Waoneshe kenchi za paa la darasa, wajionee wenyewe fundi alitumia umbo gani.

Vivuli pia usivisahau. Tuko karibu sana na ikweta, inayokatiza barabara pale Maseno, na siku za karibu na Machi 21 na Septemba 23, kwenye saa saba kasorobo mchana, kivuli cha mtoto hujificha chini ya miguu yake. Kipimeni kwa kamba asubuhi, mrudi tena saa hiyo.

Darasa la watoto 60 linawezekana. Gawa makundi ya 5 au 6, kila kundi na mkebe wake wa vifaa na mtoto mmoja wa kuutunza, ahesabu vitu vikitoka na vikirudi. Kelele zitakuwepo, mweleze mwalimu mkuu mapema, umwalike aone. Na wiki ya kufungua shule waombe wazazi mikebe, maboksi na vifuniko, maana kufikia vipimo utahitaji gunia zima.