Simu Inapokea Barua Pepe Lakini Haitumi? Usianze na Simu

Simu ya mkurugenzi ilikuwa inapokea barua pepe vizuri kabisa. Akijibu tu, inatokea alama nyekundu ya X. Niliifuta ile simu mara tatu, nikaisajili upya mara tatu, na mara zote ikarudi palepale. Simu za wafanyakazi wengine, nilizozisajili asubuhi ileile kwenye seva ileile, zilikuwa zinatuma bila shida.

Enzi hizo tulitumia BlackBerry, na seva yake ilifanya kazi bega kwa bega na seva ya Exchange, ile ya barua pepe ya Microsoft. Ili simu itume, akaunti inayoendesha seva hiyo lazima ipewe ruhusa ya kutuma kwa jina la kila mwenye kikasha. Kupokea hakuitegemei ruhusa hiyo, ndiyo maana ugonjwa ulionekana upande mmoja tu. Nikaiweka ruhusa kwa mkono kwenye akaunti ya mkurugenzi, nikawasha huduma upya, barua ikatoka. Nikajipongeza. Kabla ya chakula cha mchana X imerudi, na nilipofungua ukurasa wa ruhusa, niliyoiweka haipo. Nikaanza kumshuku mwenzangu wa meza ya pili.

Kumbe hakuna aliyegusa kitu. Akaunti ya mkurugenzi ilikuwa imeingizwa zamani kwenye kundi la wasimamizi wakuu wa mtandao, kisa hakupenda kukataliwa folda yoyote. Active Directory, mfumo wa Microsoft unaotunza akaunti na ruhusa za mtandao, huzilinda akaunti za makundi hayo: kila baada ya dakika 60 inazipitia na kuzirudishia ruhusa za kiolezo kiitwacho AdminSDHolder, na chochote ulichoongeza kinafagiliwa. Usishindane nayo. Mtoe mhusika kwenye kundi, kisha uwashe tena urithi wa ruhusa (akaunti kupokea ruhusa zilizowekwa ngazi ya juu yake) kwenye akaunti yake, maana kumtoa peke yake hakuurudishi. Kama kweli ni msimamizi wa mitambo, mpe akaunti ya pili isiyo na kikasha. (Kumweleza bosi kwamba anashushwa cheo ndani ya kompyuta ni somo jingine, mimi nilisema ni kwa ajili ya usalama, na sikudanganya.)

Tangu siku hiyo, simu yangu ya kwanza ya majaribio huwa ya akaunti mpya, ya mtu wa kubuni asiye na cheo wala historia. Ikikubali kupokea na kutuma, seva ni nzima. Atakayekwama baada ya hapo, nachunguza akaunti yake kabla ya kuishika simu yake. Na simjaribu mkubwa kwanza, hata akisimama nyuma ya kiti changu.

Usajili nao ulinitesa, ila kwa mambo madogo. Ukishaandika anwani na nenosiri kwenye BlackBerry, simu ilituma ujumbe wenye kiambatisho mpaka kwenye kikasha cha mtumiaji, na seva iliuokota hapo. Kichujio chetu cha barua taka kilikuwa kinanyofoa viambatisho visivyojulikana, kwa hiyo seva ilikaa ikisubiri kitu kisichofika. Kuna simu moja iliyofungua kurasa za intaneti kama kawaida lakini ikagoma kusajiliwa: laini yake ilikuwa na kifurushi cha kawaida, si kile cha kampuni. Intaneti kufunguka hakukuthibitisha chochote.

Kosa ninaloona aibu kulisema ni la poti 3101, yaani mlango wenye namba ambao mawasiliano ya mtandao hupitia. Seva ilihitaji kutoka nje kwa poti hiyo, basi. Mazungumzo yalianzishwa na seva yenyewe kutoka ndani. Mimi nilifungua kutoka na kuingia, nikaacha tundu kwenye ukuta wa mtandao kwa miezi bila sababu. Kabla hujafungua poti yoyote, uliza ni nani anayeanza kubisha hodi.

Huduma za simu zile za zamani za BlackBerry zilizimwa tarehe 4 Januari 2022, na wengi sasa huunganisha simujanja na Exchange kwa ActiveSync, njia ya Microsoft ya kusawazisha barua na simu, kupitia poti 443. Lakini akaunti iliyokatwa urithi wa ruhusa bado inaweza kukwama humo pia, na nimeshamsaidia mtu aliyekesha kwa jambo hilohilo. Kipya ni cheti cha usalama: kompyuta inakikubali, simu inakikataa. Mara nyingi seva imewekewa cheti chake bila vile vya kati vinavyokiunganisha na mtoaji, na kivinjari cha kompyuta kinajitafutia vilivyopungua. Usipime cheti kwa kompyuta ya ofisini. Pima kwa simu, tena ikiwa kwenye data ya laini, nje ya Wi-Fi ya ofisi.

La mwisho, kabla hujaunganisha simu binafsi ya mfanyakazi: mwambie kwa maandishi kama agizo la kufuta simu kutoka kwenye seva litafuta barua za kazi tu au simu nzima. Hutegemea programu anayotumia. Mimi nilijua tofauti hiyo siku picha za mtoto wa mwenzangu zilipokwenda pamoja na barua.